Behewa Lililofika Songea

Shemeji yangu Notburga alifanya kazi ya treni huku nyumba yake ikiwa Songea, mji ambao haujawahi kuona reli hata ya kuchezea. Kwa hilo tulimtania sana. Akishuka kwenye basi la Makambako, alikofanyia kazi, mwisho wa mwezi, wapiga soga wa pale kijiweni kwangu Bombambili, ninapotengeneza baiskeli, walikuwa wakimuuliza treni ameipaki wapi. Hakukasirika. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini, na tabia yake moja ilinikera kuliko zote: ukimweleza jambo, hata liwe dogo, lazima akuulize umeliona mwenyewe au umesikia kwa watu.

Tabia hiyo aliitoa kazini. Kazi yake ilikuwa kutafuta mabehewa, na msifikiri ni mchezo. Behewa likipakiwa mbolea Dar es Salaam halishushwi mzigo mpakani. Linavutwa hivyo hivyo mpaka Kapiri Mposhi, ndani kabisa ya Zambia, pale linapokelewa na reli ya wenzetu wa Zambia. Wenzetu nao wanalikabidhi kwa Wakongo kule Sakania, na Wakongo wanalipeleka kwenye machimbo ya shaba. Kila mwenye reli anavuta mabehewa ya mwenzake, na kwa kila siku behewa linapolala ugenini, aliye nalo anamlipa mwenye behewa. Hayo ni makubaliano. Lakini binadamu ni binadamu. Akiliona behewa zima la mgeni limesimama bure, atalipakia mahindi yake, atalizungusha huko kwao, na ukimpigia simu atakuapia kwamba hajawahi kuliona.

Kampuni iliyomwajiri shemeji, kampuni ya watu binafsi yenye mabehewa yake, iliwahi kuyafunga vifaa vya setilaiti. Vikang'olewa vyote kwa ajili ya betri. Ikabaki njia ile ile ya zamani: karani wa stesheni anapita katikati ya njia, anasoma namba zilizopakwa rangi ubavuni mwa behewa, anazituma kwa simu, na Notburga anaziunganisha. Juzi lilionekana Ndola, leo liko Sakania, basi linakwenda, halirudi. Behewa lenyewe yeye halioni. Anachokiona ni mahali lilipopita.

Na kwa kuwa makarani wavivu hutuma namba za kusimuliwa, aliwafundisha wote swali moja. Mtu akimwambia behewa liko hapa, anamuuliza: "Umelishika?" Kama hujaweka mkono kwenye chuma chake, kwake hilo behewa halijaonekana. Ikitokea stesheni mbili zinadai namba moja, wa kuaminiwa ni yule aliyelishika na kutamka kwamba amelishika. Yule mwingine hufutwa. Alikuwako karani mmoja Mkongo, Bartolomeo, wa stesheni moja mbele ya Lubumbashi, aliyezoea sana swali hilo hata akawa anajibu kabla hajaulizwa. Hawajawahi kuonana kwa macho, ni sauti tu, lakini shemeji alimwamini Bartolomeo kuliko alivyoniamini mimi.

Mume wake alikuwa kaka yangu Osmund, mkaguzi wa mabehewa katika kampuni hiyo hiyo. Yeye kazi yake ilikuwa kutembea ubavuni mwa treni iliyosimama, na nyundo ya mpini mrefu, akigonga kila gurudumu. Gurudumu zima linalia. Lenye ufa linatoa sauti ya kufa. Akiridhika na behewa lote, anaandika alama yake kwa chaki karibu na mlango, na kila mkaguzi ana alama yake, ili gurudumu likivunjika njiani ajulikane wa kuulizwa. Alama ya Osmund ilikuwa jembe lisilo na mpini, lenye mstari mfupi chini yake. Alikuwa mashoto, kwa hiyo mstari ule uliinama upande ambao mkono wa mtu mwingine hauinamishi.

Kaka yangu alikuwa mcheshi, mpenda kula, mtu wa kucheka kabla hadithi haijaisha. Nalisema hili mapema, maana yanayofuata yanaweza kuwafanya mumfikirie vingine.

Mwaka mmoja behewa lao lilipotelea Kongo msimu mzima. Kampuni ikatuma watu wakalitafute, Osmund akiwa mmoja wao. Wenzake walirudi. Walisema kaka alisikia kwamba behewa limefichwa kwenye njia ya pembeni ya machimbo fulani, akadandia treni ya mizigo peke yake. Ujumbe wa mwisho alioutuma kwa mkewe ulikuwa na maneno mawili: "Nakwenda kulishika." Simu ikazimwa, na haikuwaka tena. Polisi wa huko walitafuta, kampuni ikatafuta, mimi mwenyewe nilifika mpaka Lubumbashi na sikupata hata kofia yake. Niliporudi, Notburga hakulia. Aliniuliza tu kama nimeona maiti.

Nikamwambia sijaona.

"Basi hajafa," akasema, akaenda kuchota maji.

Hapo ndipo balaa la nyumba yetu lilipoanzia. Katika ukoo wetu, mtu aliyepotelea mbali haanziwi matanga mpaka mke wake atamke kwa kinywa chake kwamba amefariki. Si mama mzazi, si ndugu, wala si padri. Asipotamka, hautandikwi mkeka, haisomwi misa, na huyo aliyepotea, kama kweli ni marehemu, anabaki njiani. Mama yetu Getruda alikuwa ameshazeeka, miguu imevimba, pumzi ya shida, na alitaka jambo moja tu hapa duniani: amsitiri mwanawe kabla yeye mwenyewe hajaondoka. Kila Notburga alipokuja kutoka Makambako, mama alimkalisha kitandani pake na kumsihi. Kila mara alijibiwa neno lile lile, kwa adabu, macho chini.

"Mama, sijamshika."

Mimi nilikuwa katikati. Wakati mwingine nilitamani nimzabe kibao shemeji yangu, Mungu anisamehe. Wakati mwingine nilimwonea huruma hata chakula hakishuki.

Masika ya mwaka wa tatu yalipokwisha, Notburga alinitumia picha kwenye simu. Behewa lililorudi Makambako kutoka Kongo, limechakaa, na karibu na mlango wake alama ya chaki: jembe lisilo na mpini, mstari mfupi chini. Nilimpigia nikamwambia hiyo ni ya zamani, imebaki tu. Akaniuliza ni chaki gani inayovumilia masika matatu. Nikasema basi kuna mtu anamwiga.

"Anayemwiga naye ni mashoto?" akauliza.

Niliitazama tena ile picha. Mstari uliinama upande wa kaka yangu. Mchana ule sikufanya kazi tena, niliwaambia wateja kwamba gundi imekwisha.

Kuanzia hapo akaanza kumfuatilia mumewe kama alivyozoea kufuatilia mabehewa. Aliwaomba makarani wake wote, pamoja na namba, wamtajie wakiona alama ile. Nao wakatuma. Alionekana Likasi, maana yake alama ilionekana Likasi. Mvua mbili zikapita, ikaonekana Lubumbashi. Kisha Sakania, kwenye mabehewa ya kukabidhiwa Zambia. Kisha Ndola, Kapiri Mposhi, Mpika. Makarani waliulizana nani anaandika, na hakuna aliyemwona mwandishi. Mmoja wa Mpika alisema alisikia nyundo ikigonga magurudumu saa za chakula, wakati wakaguzi wote wako mezani, na mmoja wao akatania kwamba nyundo ina njaa kuliko wao.

Alikuwa anakuja. Hilo hata mtoto angeliona. Alama zilikuwa zinakuja upande wetu.

Nikiri kwamba mwanzoni nilifurahi. Nilimfikiria kaka amepotewa na akili, amepoteza simu na vitambulisho, anajisogeza nyumbani kwa treni za mizigo. Notburga naye alibadilika. Aliomba kampuni imruhusu afanyie kazi Songea, kwa simu na kompyuta yake ndogo, kisingizio kikiwa ugonjwa wa mama. Alifua nguo zote za Osmund, akazianika, akazikunja, na baada ya wiki akazifua tena. Alinunua wembe na kuuweka juu ya kabati, maana Osmund hapendi kukaa na ndevu. Ukipita uani ukaona shati la kaka linapepea kambani, unaweza kudhani yuko bafuni anaoga.

Alama ilipoonekana Mbeya, alikimbilia chumbani kwa mama kumpa habari. Nilikuwa nimekaa pale nikimmenyea mama chungwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniomba nimsogezee kitanda mbali na dirisha linalotazama barabarani.

"Mama, hufurahi?" Notburga akamuuliza. "Mwanao yuko Mbeya!"

Mama alimjibu kwa Kingoni, pole pole, kwa sababu ya pumzi. Alisema hivi: "Mwanangu, kutoka Mbeya kuna basi kila asubuhi. Mtu mzima angepanda basi."

Chungwa lilinianguka mkononi. Tulikuwa tumesahau jambo dogo kama hilo. Simu za kuazima zimejaa kila kijiji, mabasi yanapita, na sisi tulikuwa tunamshangilia mtu anayesogea nyumbani bila kuomba hata nauli.

"Mtamkie, binti yangu," mama akaendelea. "Anakuja kwa sababu hana pa kufikia. Mtandikie mkeka apumzike. Akifika hapa hajatandikiwa, atakaa wapi?"

Notburga alisimama. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya chini.

"Awe mzima, asiwe mzima, ni mume wangu. Mlango wangu siufungi!"

Siku zilizofuata nilikuwa nikipita mbali na kamba ile ya nguo. Sisemi ninaamini mambo haya. Ninasema tu nilipita mbali.

Hapo sasa ndipo anapoingia Mzee Abdulatifu. Huyu ni mfanyabiashara wa korosho, mtu wa Namasakata kule Tunduru, aliyejenga Bombambili miaka mingi, mcha Mungu na mtu wa watu. Ghala lake liliingiwa na mchwa, akatafuta la chuma. Akaambiwa kwamba kwa wauza vyuma chakavu wa Makambako kuna mabodi ya mabehewa yaliyokatwa, hayana magurudumu wala chasisi, sanduku tupu lenye milango. Akanunua moja, likaletwa kwa lori, limefunikwa turubai tangu Makambako mpaka Songea, likashushwa kwa winchi nyuma ya duka lake. Aliponipitia kijiweni asubuhi kuniomba nikalainishe bawaba za milango, nilicheka. Nikasema, haya, shemeji hatimaye ameletewa treni yake.

Niliacha kucheka vijana wa lori walipovuta turubai.

Karibu na mlango kulikuwa na jembe lisilo na mpini, na mstari mfupi chini yake. Jeupe. Nilimuuliza dereva nani ameandika pale. Akasema turubai alilifunga mwenyewe Makambako na hapakuwa na kitu. Nikampigia Notburga, nikajuta kabla hajapokea. Alifika kwa bodaboda akiwa na kanga ya jikoni, simu mkononi.

Hakuitazama alama kwanza. Alitazama namba. Ilikuwa imefifia, rangi imebanduka, akaisoma kwa kupitisha kidole kwenye kila tarakimu. Alipofika ya mwisho akabaki amesimama vile vile, kidole kikiwa pale.

"Shemeji," akasema, "hili ndilo alilokwenda kulishika."

Jua lilikuwa la saa nane mchana, linachoma. Duka limejaa watu wanaonunua chumvi na vocha. Mimi nilikuwa nasikia baridi. Notburga akagusa ile alama, na chaki ikabaki kidoleni mwake, unga laini, kama imeandikwa muda uleule. Akabonyeza simu, akaiweka kwenye spika kwa sababu siku hizo masikio yake peke yake alikuwa hayaamini, akampigia Bartolomeo. Alimtajia namba, akamuuliza ilionekana wapi mara ya mwisho.

"Mbona unaniuliza sasa hivi, mama?" sauti ya Bartolomeo ikajibu, kwa Kiswahili chao cha Kongo. "Iko hapa. Niko naiona na macho yangu. Iko kwa treni inataka kutoka, inakwenda kule machimbo."

"Umelishika?"

"Nimeishika, mama. Mukono wangu iko juu yake."

Na mkono wa Notburga ulikuwa juu yake pia.

Mimi nina maelezo yangu, na niliyasema palepale. Wezi wa mabehewa hupaka namba ya behewa moja juu ya lingine. La kweli wakalikata wakauza chuma, la uongo likabaki linafanya kazi kwa jina la mwenzake. Jambo la kawaida kabisa. Notburga alitikisa kichwa kukubali, maana ameyaona hayo mara nyingi. Lakini kutoka kwenye simu, nyuma ya sauti ya Bartolomeo, kulikuwa na mlio ambao sisi wawili tuliujua. Nyundo kwenye gurudumu. Mlio, kimya cha hatua moja, mlio.

"Bartolomeo," shemeji akasema, "nani anagonga?"

"Mukaguzi."

"Mkaguzi gani? Nenda ukamwangalie uso. Nakuomba, mwanangu, nenda ukamwangalie uso."

Tukamsikia anatembea juu ya kokoto. Mzee Abdulatifu alikuwa amesogea, na alipotuona nyuso zetu akavua kofia. Bartolomeo akasema mkaguzi yuko upande wa pili wa treni, anaiona miguu yake chini ya behewa. Akapanda kwenye kiungo cha mabehewa, akavuka. Tukamsikia anahema. Kisha akasema, kwa sauti ndogo:

"Mama, huku hakuna mutu. Miguu iko upande nilikotoka."

Nyundo ilikuwa inaendelea kugonga.

"Viatu gani amevaa?" Notburga akauliza.

"Hana viatu, mama. Miguu tupu."

Nilimtazama shemeji. Kokoto za reli, mchana wa jua kali, na vipande vya chuma kila mahali. Hakuna mkaguzi aliye hai anayetembea pale miguu mitupu. Yeye alijua hivyo kuliko mimi. Lakini nilimwona bado anatafuta njia. Macho yake yalikwenda kwenye ile alama ukutani mwa behewa, yakarudi kwenye simu. Kama kaka yangu yuko kule anagonga magurudumu, basi hajafika, na asiyefika anasubiriwa. Kama amefika hapa nyuma ya duka la korosho, basi safari imekwisha, na kilichobaki ni maneno ambayo mke peke yake ndiye anayeweza kuyasema.

"Mama, unisaidie," Bartolomeo akasema. Sasa alikuwa anaogopa, alisema haraka haraka. "Wewe unasema iko kwako, mimi iko kwangu. Treni inatoka. Kama ya kweli ni ya kwako, hii naiondoa kwa treni sasa, naandika ya uongo. Sema mama. Ni ipi?"

Mjukuu wa jirani alikuja mbio wakati huo, akasema bibi Getruda anaita na pumzi inamkatikia. Notburga alimsikia. Hakugeuka. Alisogeza simu karibu na sikio, akafumba macho, akasikiliza nyundo. Ilikuwa inakwenda vizuri, taratibu, bila pupa, jinsi Osmund alivyokuwa akifanya kila kitu isipokuwa kula. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Nadhani alikuwa ameshasahau kama sisi tupo. Nilitaka kumwambia aharakishe, mama anakata roho, nikaishia kumtuma mtoto arudi aseme tunakuja.

Kisha akaweka kiganja chake chote juu ya ile alama.

"Mimi nimelishika," akasema. "Liandike liko kwetu. Limefika."

Nyundo ilinyamaza. Ilikuwa imepiga mlio mmoja, ukafuata ule ukimya wa hatua, na mlio uliofuata haukuja. Tulisubiri. Bartolomeo alianza kuita, mama, mama, hakuna mutu huku, upande huu hakuna, upande ule hakuna, mpaka Notburga alipomwambia kwa upole aende nyumbani akapumzike, akakata simu. Alipoondoa kiganja, alama haikuwapo tena ukutani. Ilikuwa kiganjani mwake. Mzee Abdulatifu akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akaenda kufunga duka.

Tulimkuta mama akiwa hai. Notburga alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wa mama kwa mkono ule wenye chaki, akatamka. Alisema mume wangu Osmund amefariki. Alilisema mara moja tu, wazi, na wanawake waliokuwa mlangoni wakaangua kilio ambacho nyumba ile ilikuwa imekizuia miaka yote hiyo. Mama alishusha pumzi ndefu. Akaniambia nirudishe kitanda chake dirishani.

Mkeka ukatandikwa sebuleni. Padri akaja, misa ikasomwa, watu walikuja mpaka kutoka Lusewa. Mama aliishi kuona matanga yanaanuliwa, akafa usingizini, uso wake umelala vizuri. Alama za chaki hazikuonekana tena kwenye stesheni yoyote. Watu wanasema shemeji alifanya vyema, na mimi nasema hivyo hivyo, na siku nyingi ninaamini.

Lakini jioni ile ya kwanza ya matanga nilimpelekea uji pale mkekani. Alikuwa amejifunga nguo nyeusi, amefunguliwa nywele, wanawake wamemzunguka wanaimba za kanisani. Nikainama kumpa kikombe. Akanishika mkono, na akaninong'oneza kitu ambacho sikumwambia mtu.

"Shemeji, kila upande wa behewa una magurudumu manne. Mimi nilikuwa nayahesabu kwenye simu, behewa kwa behewa. Nyundo iliishia la tatu. Lilibaki moja tu, na mimi sikumwachia alimalize."